Uzito wa Ulimi

Njia ya mwongo, husemwa, ni fupi.
Ndiyo maana leo usiku, katika ukumbi wa Zhezkazgan,
nahodha ameifikia nyota ya mbali
kabla bisi zangu hazijapoa.

Theluji imeziba mlango wa nyuma.
Watazamaji ni kumi na mmoja, ukimhesabu paka wa mkata tiketi,
na Kulyash, safu ya tatu, koti hajalivua,
muuguzi mstaafu, mke wa mjomba wangu,
anayecheka pale ambapo filamu haikuomba kuchekwa.

Alianza na mlipuko.
Chombo cha adui kilipasuka, viti vyetu vikatetemeka.
"Ngurumo hiyo imebebwa na nini?" akauliza kwa sauti.
"Huko hakuna hewa ya kubeba hata kikohozi."
Kijana mmoja akamwambia shhh.
Na hiyo shhh, kwa kuwa sisi hewa tunayo, ilimfikia.

Mimi ndiye mwendesha projekta. Filamu hii nimeitazama mara tisa.
Nayajua matundu yake kama kidole gumba kinavyoijua soksi:
mafuta yaliyokwisha dakika ya arobaini
yamejaa tena dakika ya sitini, aliyeyaleta hajulikani;
kioo cha kofia kinavunjika, kisha ni kizima;
mhandisi tuliyekwisha kumlilia
anapita nyuma ya mlango, anatafuna kitu.
Sijamwambia mtu. Nalipwa kumulika, silipwi kushona.

Lakini Kulyash hayo hakuyajali.
Alikuwa akingoja miguu.

Chombo kinatua. Mwaka mzima huko juu,
na nahodha anafungua mlango kwa teke,
anaruka, anakimbia ndani ya ngano,
anamnyanyua mkewe, anamzungusha, wanazunguka.
Hapo Kulyash hakucheka.

Nje, tukingoja teksi ambayo haikuja,
alinisimulia bila kuulizwa.
Miaka kumi na tisa alipanda helikopta
kwenda nyikani kuwapokea wanaorudi.
Majani yameungua, chuma kingali moto,
na ndani, watu waliojikunja kama vijusi.
"Tuliwatoa kwa mikono yetu.
Tuliwakalisha vitini, blanketi magotini.
Shingo haikumbuki kazi yake.
Sugu za nyayo zimebanduka zote huko juu;
ukizishika, ni nyayo za mtoto asiyesimama dede.
Mmoja, jina lake silitaji,
alitaka kuniambia kitu akashindwa.
Nikadhani ni kiharusi, nikamulika macho yake.
Ulimi tu. Ulimi ulikuwa umerudi kuwa mzito."

Ulimi hauna mfupa, tunasema.
Uzito unao.

Nikamuuliza alitaka kusema nini.
Akafuta theluji kwenye kope, kwanza jicho moja,
akakaa kimya, akafuta la pili.
"Alitaka alazwe chini kidogo. Kwenye majani.
Sisi tulishamweka kitini,
na wapiga picha walishajipanga."

Tulitembea hadi kwake. Njiani alikuwa akihesabu nguzo za taa,
au mapigo ya nani, sijui.

Jumamosi nimeiweka filamu tena, mara ya kumi.
Mlipuko umenguruma, mafuta yamerudi, mhandisi ametafuna.
Safu ya tatu ni tupu.
Mlango ulipopigwa teke
nikanyoosha mkono mbele ya lenzi.
Ukumbini giza, mtu akapiga mbinja.
Sekunde nne, pengine tano,
nahodha alikimbia juu ya kiganja changu,
ngano ikipepea kwenye mistari ya mkono,
mkewe karibu na kidole cha pete.
Nilingoja nihisi chochote.
Hakuwa na uzito,
hata ule wa ulimi.