Kipya Kinyemi

Jumamosi ya tatu ya Mei, kama kila mwaka,
tunaufungua kabla haujajifunza adabu.
Mvinyo wa wiki saba. Mwepesi. Mwekundu,
wekundu wa maji ya kwanza ya leso mpya
yakimwagwa uani asubuhi.
Wageni wa Nairobi watasema ni rangi ya heroe.
Waacheni. Wamelipa kiingilio.

Hapa Njoro shamba hili lilikuwa la pareto,
kisha la mahindi, kisha la madeni.
Muturi akaleta vijiti mia mbili katika gunia la mbolea,
akavichomeka kwenye udongo wa majivu,
na soko zima likauliza:
zabibu huliwa na ugali gani?
Hakujibu. Alikuwa mtu wa kujibu baada ya miaka minne.

Mwaka wa nne kuzumburu wakala nusu.
Nusu iliyobaki tukaikanyaga ndani ya beseni la kuogeshea watoto,
tukajaza chupa za soda, chupa za dawa ya kikohozi,
tukaziba kwa pupa
na chachu bado ina maneno.

Saa nane za usiku zikaanza kulipuka stoo.
Pa. Pa.
Kimya.
Pa.
Bonde hili lina kumbukumbu.
Ng'ambo ya ua Tuwei akawasukuma wanawe chini ya kitanda,
nasi tukazima taa,
kila nyumba ikiingoja nyumba ya pili.

Alfajiri alivuka, panga mkononi,
akaona wekundu ukipenya chini ya mlango.
Akasimama.
Akainama.
Akanusa.
Kisha akacheka mpaka akaketi matopeni,
na alipopata pumzi akaomba ufagio.
Tulizoa vigae pamoja hadi jua likatoka Menengai,
na hakuna aliyetaja tulichodhani.

Tangu hapo siku ya kufungua ni yake pia,
ingawa hanywi: ni shemasi, huja na tai.
Hushika gilasi, hunusa, huirudisha mezani
na kutoa hukumu ya maneno machache,
"Mvua ilichelewa," au "Pipa hili lilikuwa na kitunguu,"
na hajawahi kukosea.

Shuleni tulifunzwa subira yavuta heri.
Sawa. Upo mvinyo ulalao gizani miaka kumi
ukatoka una jina refu na kikohozi.
Huu wetu hauna nafasi hiyo.
Uweke hadi Krismasi uone: siki,
nzuri kwa kachumbari, basi.
Muturi naye alisema atapumzika mwakani.
Tulimzika Agosti, mapipa yakiwa yameoshwa,
yamepinduliwa juani, hayana habari.

Kwa hiyo njooni leo.
Njoo Kemuma, uliyechuma na mtoto mgongoni,
vidole vyeusi hadi Pasaka.
Njoo fundi wa Shabaab, uliyeunda kinu kwa jeki ya trekta
ukakataa kunipa risiti.
Na wewe dereva wa lori la karoti, ukishapakua, si kabla.
Hata afisa wa leseni aje,
tuna gilasi ndogo ya kumtosha.

Msinisifu mno. Mgema akisifiwa, mnajua.
Semeni tu kwamba unatekenya ulimi,
kwamba una ukali wa plamu iliyoibwa mtini,
kwamba ukimeza unasahau ulikuwa unalalamika nini.
Kipya kinyemi, walisema,
ingawa kidonda.
Nami nimepima vyote viwili mwaka huu,
kwa kikombe kilekile.

Haya, Tuwei kasimama. Kanyoosha tai.
Foleni imenyamaza mpaka langoni.
Ananusa, macho kafumba, muda mrefu kuliko desturi,
na mimi natazama kizibo mkononi mwangu
kama mtu anayesoma barua.

"Mmechuma mapema," anasema. "Siku mbili."

Ni kweli.
Kuzumburu walikuwa wameshaanza.

Namimina.