Kozi Niliyoichukua kwa Sababu ya Ratiba

Nilikuja Bishkek kusomea mifupa ya wanyama,
si maneno ya watu.
Lakini Jumatano saa nne nilikuwa sina kipindi,
na ubaoni pameandikwa: Stadi za Mawasiliano, alama mbili.
Nikasema, hizo ni za bure,
kama kuokota yai lililotagwa njiani.

Bibi Burulcha aliingia na kamba na kiti.
"Meerim, mpe Azamat mgongo,
umweleze namna ya kufunga fundo.
Usiguse. Usigeuke."
Fundo lile nalijua tangu nina miaka sita,
ndilo linalomzuia mtoto wa farasi
tukimkama mama yake.
Nikaeleza, tena kwa madaha.
Nilipogeuka, Azamat amejifunga mkono kitini
na darasa zima halijiwezi kwa kicheko.
Mwalimu hakucheka.
"Umeeleza vizuri unachokijua wewe.
Yeye ulimuuliza anaona nini?"

Basi, wiki nenda wiki rudi, vitu vidogo:
kuandika barua ya kuomba kazi
bila kupiga magoti wala kujipigia ngoma;
kusimama mbele ya watu thelathini
na kugundua kwamba goti linalotetemeka halitoi sauti;
kurasa nne kuwa aya, aya kuwa sentensi,
na sentensi kuachiwa ipumue.
Na kumsikiliza mtu dakika tatu kamili
bila kuandaa jibu chini ya ulimi.
Hilo lilinishinda.
Nilipata nne kati ya kumi.

Mwezi wa sita nikapelekwa Naryn, mafunzo kwa vitendo.
Daktari Esenbek kalala na homa,
nikapanda peke yangu hadi kwa Bi Saikal,
kule juu ambako theluji bado inajibanza vivulini.
Jike lake la kijivu, miaka kumi na tisa,
utumbo umejisokota, jasho limemgandia mbavuni.
Kichwani mwangu majina yakapanga foleni,
ya Kilatini, marefu, yamevaa tai.
Nikayaacha yasimame hukohuko.
Nikageuza ndoo, nikaketi.
"Anaitwa nani?"

Akanitajia. Akanitajia na mwaka
mumewe alipomleta amemfunika koti lake mwenyewe,
na mafuriko, na mlango wa zizi aliojifunza kuufungua kwa meno.
Pole ilinifika mdomoni mara tatu,
mara tatu nikaimeza;
pole ikiwahi mno humfungia mtu mlango.
Mwisho ni yeye aliyesema:
"Hataamka, sivyo?"
"Hataamka. Na anaumia.
Maumivu naweza kuyakomesha.
Nitakusubiri mpaka uwe tayari."
Akaanza kumsuka singa za shingoni, polepole,
kama anayemwandaa binti kwenda shule.
Nikasubiri. Sindano ikapata joto kiganjani mwangu.

Sikumwambia mtu kwamba nililia baadaye, nyuma ya gari.
Somo hilo halikuwa na mtihani.

Usiku nikashuka hadi kwenye kona
ambako simu hushika mtandao.
Kaka yangu Ulan yuko Yekaterinburg.
Miaka miwili hatujasemezana,
kwa sababu ya nyumba, kwa sababu ya mazishi,
kwa sababu ya neno moja nililolitupa mbele ya wageni
na ambalo sikuinama kuliokota.
Nilikuwa nimejiandaa: utangulizi, hoja tatu, hitimisho.
Simu ikaita. Akapokea. Akanyamaza.
Hoja zote zikanitawanyika kama kondoo walioona mbwa mwitu.
Nikasikia sauti yangu ikiuliza:
"Hapo ulipo, unaona nini?"

Kimya. Treni ikapita huko kwake.

"Ukuta," akasema.
"Na soksi zangu, juu ya bomba la joto."

Nikatazama betri: asilimia kumi na moja.
Nikatafuta jiwe, nikaketi.