Kilele cha Kwanza

Chupa ilifika Saltillo Jumanne, imeviringishwa gazeti.
Lebo kijani, jani la mshubiri, asilimia sabini,
"huua vijidudu vyote" kwa herufi za dhahabu.
Kibaya chajitembeza.
Ndani ya gazeti, karatasi ya daftari, mwandiko wa penseli:

Mimi ni bawabu wa shule ya msingi.
Kila asubuhi nawatonea watoto mia nne na kumi na wawili.
Nilikuwa seremala miaka thelathini. Hii inanuka kama ile
tuliyoyeyushia vanishi. Tafadhali pimeni.
Eleuterio Zamarripa.

Daktari Obdulia akaisoma, akainua nyusi:
"Pua si kifaa." Lakini akanirushia glavu.

Nikachota matone ya kuhesabika,
nikayatia kwenye kichupa kisichozidi kidole,
nikayalisha mashine. Humo mna bomba
jembamba kama uzi, mita thelathini,
na mvuke hukimbizana ndani yake:
mwepesi hutangulia, mzito hufuata,
kila afikaye huchorewa mlima wake.

Ethanoli na methanoli ni ndugu wa tumbo moja.
Hawana rangi, wote wawili. Baridi ile ile kiganjani.
Mmoja husafisha, akaruka, akaenda zake.
Mwingine, akipata mlango, huingia bila hodi
akaanza kulitafuta jicho.

Dakika ya kwanza: mstari, tambarare.
Nikaanza kumhurumia mzee wa watu na penseli yake.
Kisha mlima ukaota,
mrefu, pale ambapo hapatakiwi hata kichuguu.
Ule wa pili, wa asilimia sabini, ukaja nyuma yake,
mfupi, kama shahidi aliyeburutwa.

"Rudia." Nikarudia.
"Badilisha sindano." Nikabadilisha.
Nikapima maji matupu: tambarare. Nikapima chupa: mlima.
Hadi saa tatu usiku mashine ilikuwa imesema neno lile lile
mara saba.

Mkono mtupu haulambwi, husema watu.
Mtoto wa miaka sita hulamba mkono wowote,
wenye ukwaju, wenye wino, wenye kamasi,
wenye jeli.

Obdulia hakungoja asubuhi. Simu ikaita chumbani kwa bawabu.
"Don Eleuterio? Mwaga... la, usimwage. Funga. Weka mbali na watoto.
Kesho namtuma mtu."
Kimya. Kisha nikaisikia sauti yake ndogo ikitoka kwenye simu:
"Na viganja vya leo?"

Obdulia akanitazama.
Fomu yetu ina safu ya ujazo, safu ya joto, safu ya tarehe.

Mtu aliyetumwa ni mimi. Umande ulikuwa umeganda kwenye vyuma vya geti.
Madumu sita yalikuwa yamefungwa kamba, yamegeuzwa lebo ukutani,
na kando yake ndoo yenye bomba, kipande cha sabuni ya kufulia, ya waridi,
na foleni ndefu ya watoto
wakilalamika kwamba maji ni ya baridi.

Kwenye ripoti, palipoandikwa "Kifaa kilichotumika kugundua,"
Obdulia alijaza jina la mashine na namba yake.
Kisha akaweka mkato,
akaongeza: pua.