Kabla ya Kanzu ya Sita

Yule mgeni wa Nairobi aliyepanga chumba Shela
aliniletea nguo zake za kitani, zimejikunja kama karatasi ya mkate,
akaniona ninavyokimbizana na Ijumaa, akanihurumia.
Akanifundisha pale pale, kizingitini:
keti, nyoosha mgongo, fumba macho,
hesabu pumzi zako mpaka kumi, ukipotea anza tena.
Ni bure, alisema. Nikacheka. Hapa Langoni
cha bure ni salamu, na hata hiyo hudaiwa jibu.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu.
Baada ya alfajiri nikapanda darini na mkeka wangu.
Punda wa jirani akaanza, mwenzake wa Mkomani akamjibu.
Pumzi ya tatu: ada ya Barke.
Pumzi ya tano: stima, tokeni zimebaki nne.
Pumzi ya saba, deni la nane.
Nikafumbua macho nimechoka
kuliko aliyebeba mawe ya matumbawe tangu asubuhi.

Nikashuka, nikawasha makaa.

Wewe unayesoma, sikufundishi kitu.
Mimi ni dobi, elimu yangu ni moto na maji.
Pasi hii ilikuwa ya baba; jogoo wake wa shaba,
yule anayefunga kifuniko, kilemba chake kimelika kwa vidole vyetu.
Napuliza: pumzi ya kwanza, sikuihesabu.
Jivu linaruka, kaa linafumbua jicho jekundu.
Nachovya vidole bakulini, narusha matone kitambaani,
naweka chuma:
shhh.
Chuma chenyewe kimeniambia ninyamaze.

Kanzu ya kwanza, bado nagombana na mwenye duka la unga.
Ya pili namjibu yale makali niliyoyakosa jana.
Ya tatu ni ya Bwana Famau, darizi ya shingoni
haivumilii mkono wenye haraka.
Ya nne sijui.
Ya tano, mkono unatangulia,
mimi nafuata nyuma kama mtoto sokoni.
Na mara nyingine, si kila siku,
kabla ya kanzu ya sita
hamna mtu chumbani
ila mshono, na mvuke, na upande wa pili wa mshono.

Usidhani ni raha tupu. Pasi haina huruma.
Mwaka wa harusi ya Shekuwe nilisimama kidogo tu
kuifikiria kesho,
kesho ikanukia.
Alama kifuani mwa kanzu ya bwana harusi,
kahawia, yenye ncha, kama jani la mkungu lililokauka.
Niliilipa kanzu ile miezi mitano.
Ndipo nilipoijua bei ya kutokuwepo.

Mama alikuwa akisema, huku akihesabu vibanio:
"Moyo si nguo, mwanangu, hauanikwi ukutani."
Sikumbishia, hata sasa simbishii.
Ila nimeona, nikinyoosha nguo za watu,
nao hujinyoosha kidogo, upindo tu,
kisha hujikunja tena kabla ya adhuhuri.
Upindo huo unanitosha.

Mgeni alirudi kuchukua kitani chake.
Unaketi? akauliza. Unahesabu?
Kuketi, la. Kuhesabu nahesabu,
leo nimefika kanzu thelathini na mbili.
Akadhani ni mzaha. Akalipa, akasahau mkanda wake;
upo pale kwenye msumari, nimeunyoosha,
akipita mtu wa Shela nitampa.

Barke anataka ninunue pasi ya stima.
Haina jivu, baba, haikuchafui, utamaliza mapema
upumzike.
Kweli, mwanangu. Nitanunua, tukijaliwa.
Ila ile haipulizwi.

Nipishe kidogo hapo mlangoni,
makaa yanafifia.