Kibaba cha Barabara ya Kumi na Tano

Aliileta ndani ya kopo la dawa, imezungushiwa pamba
kama jino la mtoto.
"Fundi Semhando," akasema, "unaweza kuchomelea waya
mwembamba kuliko ukope?"
Nimetengeneza redio Ngamiani miaka thelathini na moja.
Nikamwambia ukope wenyewe siuoni siku hizi. Lete.

Transista, lakini si kama zile nizijuazo,
zenye kofia ya bati na miguu mitatu.
Hii imevuliwa kofia, lango lake li wazi,
linatazamana na maji uso kwa uso.
Juu ya lango, Mwanakheri alisema, wamepandwa walinzi
wasioonekana, na kazi yao ni moja:
sumukuvu ikipita, waikamate, wasiiachie.
Ikishikwa, lango huhisi uzito usio uzito,
na mkondo wa umeme chini yake hupungua
kidogo. Kidogo kiasi gani?
Akaandika sifuri kwenye ukingo wa gazeti
mpaka ukingo ukaisha.

Nikacheka. Mita yangu hata isingeamka.
"Ndiyo maana hatuupimi," akasema. "Tunauhesabu."

Akanichorea: kapasita ni kibaba.
Mkondo unaingia humo haba na haba,
kikijaa kinamwagwa, kaunta inasema moja.
Kinajaa tena. Mbili.
Sumu ikiwa nyingi kibaba huchelewa.
Methali niliyochapiwa viboko darasa la tatu
kumbe ilikuwa saketi.

Tukawasha. Namba zikatoka kwenye kioo, nyekundu:
mia nne na kumi. Mia tisa na mbili. Sitini.
Mia saba.
Zinaruka kama bisi.
Siku tatu Mwanakheri akawalaumu walinzi wake,
akalaumu chumvi, akalaumu joto la Tanga mwezi wa Machi,
akanilaumu mimi, kwa adabu.
Siku ya nne nikatoa hedifoni ya zamani,
nikaiunga kwenye mapigo ya kaunta, nikafumba macho.
Mambo ya walinzi siyajui. Ila mngurumo ule naujua,
nimeufukuza ndani ya redio za watu nusu ya umri wangu:
mashine ya Mkanza, mlango wa pili, inasaga.
Na unga uliokuwa ndani ya kichupa cha Mwanakheri
ulitoka kwenye mashine hiyohiyo.
Anayepimwa ndiye anayepiga kelele.

Nani atamwambia Mkanza azime
ili tujue kama unga wake unaua polepole?
Nilikwenda. Alikuwa mweupe hadi kwenye kope.
Akanitajia bei ya saa moja bila kusaga.
Nikarudi.

Saa tisa na dakika kumi umeme ukakatika, mtaa mzima.
Watu wakaguna kwa pamoja, kama ilivyo desturi.
Sisi tulikuwa na betri ya pikipiki.
Mia tano kumi na nne.
Mia tano kumi na nne.
Mia tano kumi na tatu.
Mwanakheri hakusema kitu. Alishika ukingo wa meza
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akatafuta kidato kingine kwa mguu, akakuta sakafu.

Mkanza akaja na mikono isiyo na kazi,
akasimama mlangoni, unga unamdondoka.
"Inasema nini?"
"Bado haijasema. Hii ni ya unga wako,
sina ya unga safi wa kuulinganisha.
Namba moja peke yake ni ukelele, si neno."

Akafikiri. Akaondoka. Nikadhani amekasirika.
Akarudi na kikombe cha mahindi ya nyumbani kwake,
yaliyochambuliwa punje kwa punje,
hakuna hata moja yenye doa.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini huyachambua.
Nikaazima kinu cha mke wangu, nikatwanga mwenyewe.
Mwanakheri akalisafisha lango, akadondosha tone.
Umeme ulikuwa haujarudi.
Kibaba kikaanza upya:
moja.