Safu ya Mwisho

Nimelipa shilingi ishirini pale saiba ya Chavakali
wanichapie karatasi moja tu.
Wino umekwaruza, herufi za pembeni zimefifia:
Kenya sitini na moja, Msumbiji sitini na sita,
mechi ya wanawake, jana usiku, Kigali,
na majina kumi na mawili upande wetu
yamepangwa kama watoto kwenye gwaride.
La tisa ni la dada yangu.
Kageha. Jezi kumi na nne.

Mama yuko kisiagini, nyusi nyeupe kwa unga,
mkanda unapiga makofi, foleni ya magorogoro imefika barabarani.
"Soma," ananiambia. "Tena kwa sauti.
Mashine haitanyamaza kwa ajili yako."

Nasoma.
Dakika sita na sekunde arobaini.
Alama, sifuri.
Mitupo miwili, iliyoingia sifuri.
Mitupo ya adhabu, kistari tu, maana hata mstarini hakufika.
Ribaundi moja.
Pasi za kuzaa kikapu, sifuri.
Mipira aliyopoteza, mmoja.
Faulo tatu.

Lung'aho, fundi baiskeli, anacheka mpaka debe lake la wimbi linatikisika.
"Faulo tatu kwa dakika sita!
Huyo alikwenda Kigali kucheza au kupigana?"
Lung'aho huyu huyu, ambaye rimu yake kuukuu
ndiyo tuliyoipigilia misumari kwenye mkaratasi nyuma ya choo,
ikawa ringi, ikawa Kigali, ikawa kila mji tuliousikia redioni.
Nami nilikuwa timu pinzani, nzima, peke yangu.
"Simama hapo, usisogee," Kageha alikuwa akisema,
nami nasimama,
ananigonga bega, anapita,
mpira wenyewe una viraka vitatu na hauruki upande mmoja.

Nakunja karatasi mara mbili. Natafuta mfuko.

"Umeruka safu," Mama anasema.
Vifupisho vya karatasi ile havijui.
Safu anazijua.
Miaka kumi na tisa ameandika daftari la kisiagi:
mahindi yaliyoingia, unga uliotoka,
dizeli, mkopo, aliyelipa kwa mayai,
aliyeahidi mayai.
Kidole chake kinatua ukingoni kabisa mwa karatasi,
kinaacha doa jeupe
penye alama ndogo ya kujumlisha, na nane.

Namweleza kama kijana wa saiba alivyonieleza:
kwamba kwa muda wote aliokuwa uwanjani
sisi tulipata nane zaidi ya wao.
Si kwamba alifunga yeye.
Ni kwamba alikuwepo.

Mama anazima mashine.
Siku ya soko, mashine inazimwa!
Vumbi linashuka polepole juu ya vichwa vya wateja,
wanatazamana.

"Tumeshindwa kwa ngapi?"
"Tano."
Anaandika kwa kidole kwenye unga uliotanda mezani,
anafuta kwa kiganja, anaandika tena.
"Basi dakika thelathini na tatu na ushei
alizokalia benchi,
tumepata hasara ya kumi na tatu."
"Ndiyo, Mama."
"Nani alimtoa?"

Sina jibu. Karatasi haina safu ya hilo.

Lung'aho anakohoa. "Lakini hizo faulo, mama Kageha..."
"Faulo ni kufunga mlango," anamkata.
"Uliza nani alitaka kuingia."
Kisha anawasha mashine, na debe la wimbi
linasubiri mpaka wa nyuma yake wote wasagiwe.

Usiku Kageha anapiga simu,
sauti imekwama kama punje iliyokataa jiwe.
"Mmeziona sifuri zangu?"
Kabla sijatafuta neno la kumpoza
Mama ameninyang'anya simu, hamsalimii, hamuulizi hali.
"Nane," anamwambia.
Kimya upande wa pili.
"Nane, nimehesabu mara mbili. Lala."