Nusu Gogo

Januari, Lipovik, theluji imefika madirishani.
Kila mtoto wa chuo alikuja na juzuu mkononi
na kuni moja kwapani.
Hiyo ndiyo karo. Mwalimu Zumreta hakutaka nyingine.
"Asiye na kuni aje na mikono," alisema,
"kuna majivu ya kuzoa."

Lakini nani anataka kuonekana akizoa majivu?

Viatu tuliviacha mlangoni, vinachuruzika.
Soksi za sufu zilinuka kondoo na moshi.
Tulilizunguka jiko la chuma,
wadogo mbele, wakubwa nyuma penye baridi
(nalo lilikuwa somo, ingawa halikuandikwa ubaoni),
tukisoma kwa sauti moja ile sura fupi
ya wanaoswali kisha humnyima jirani kitu kidogo.
Tuliijua kwa moyo, kama jedwali la kuzidisha.

Mwalimu akafungua jiko achochee.
Akanyamaza.
Kwenye kichwa cha gogo, pale moto ulipokuwa haujafika,
palikuwa na doa jekundu la rangi.
Na kijiji kizima kilijua nani hupaka kuni zake rangi:
Stanija, mjane wa ng'ambo ya kijito,
afungaye Kwaresima peke yake,
ambaye mwanawe hakurudi
kutoka vita vilevile visivyowarudisha ami zetu.

Akalitoa kwa koleo, linafuka,
akalididimiza kwenye theluji ya kizingitini.
Lilifyonya.
Hakuuliza ni nani.
Macho yetu ndiyo yaliyouliza, na yote,
kama kondoo wafuatao kengele, yakamwendea Hasib,
kwa kuwa baba yake alikwenda Ujerumani akasahau njia,
kwa kuwa buti zake zilifungwa kwa waya.
Hasib akatazama vidole vyake.
Hakusema ndiyo. Hakusema siyo.

"Vaeni viatu," akasema mwalimu.

Watoto kumi na wanne nyuma ya gogo moja,
kama tunamzika sungura.
Kijito kimeganda. Mbwa wa Stanija alibweka, kisha akachoka.
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
"Tumechoma kuni zako," alisema mwalimu.

Tumechoma. Sisi.
Yeye mwenyewe ndani yake, na Behija wa miaka mitano
asiyeweza kubeba kitu kizito kuliko kofia.

Stanija akaliangalia gogo, akalipima kwa macho.
"Nusu," akasema.
Akafunga mlango.

Najua ungependa kusikia kwamba alituita ndani,
akatupa chai na jamu ya plamu.
Hakutuita.

Tukarudi. Jiko halikuwashwa tena siku ile.
Tulisoma sura ileile, na kila neno
lilitoka na ukungu wake mweupe,
hata kwa mara ya kwanza nikaliona
neno nililokuwa nikilitamka.
Jioni nilimwona mwalimu akivuka kijito,
magogo mawili ya kwake mgongoni,
kurunzi ameiuma kwa meno.

Mabanzi ya gome yalikuwa bado yameng'ang'ania
mkono wa sweta yangu.
Niliyachomoa moja moja, chini ya juzuu,
mpaka adhana ya adhuhuri.

Kwetu kulikuwa na kuni hadi darini.
Ghala tu niliona mbali,
na rundo la Stanija lilikuwa njiani.

Leo watu wa Lipovik humsifu marehemu mwalimu
kwa neno lile, *tumechoma*.
Sitara, wanasema, ndiyo elimu yenyewe.
Naam. Ilinifunika mimi, ikanitosha mpaka miguuni.
Hasib haikumfikia.
Yuko Graz sasa, anaweka vigae kwenye bafu za watu.
Namba yake ninayo.

Na ile nusu, Stanija hakuichoma.
Machi, theluji ilipoyeyuka,
ilikuwa bado kando ya mlango wake,
upande mmoja nyeusi,
upande wa pili nyekundu.